Msitu wa Shemeji

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, na imenijia leo kwa sababu nimekuona pale parking umeegemea gari la watu, mwenzako anakupiga picha. Usinikunjie uso. Weka simu chini, nikwambie habari ya msitu ulionichosha miguu siku moja na roho miaka mingi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi na mume wangu Deo tulikuwa na mwaka mmoja hapa Durban, tumetoka Uvira. Mimi nilisuka nywele, yeye alilinda magari ya watu kule ufukweni, kizibao cha rangi ya machungwa mgongoni na filimbi mdomoni. Kazi halali. Lakini kwa mama yangu alikuwa ameandika kwamba anafanya kazi katika biro, yaani ofisini. Biro gani, sijui mpaka leo.

Jumatatu hiyo wateja hawapo, akasema twende tukatembee. Huko bara, mwendo wa saa mbili kwa taksi, kulikuwa na msitu wa miti myekundu waliyoipanda wazungu wa zamani, mirefu mpaka shingo inauma, na minene hata mkishikana mikono watu wawili hamuuzunguki mmoja. Nikafurahi. Nikafunga mkate, samaki wa kopo na avoka, na kwenye mkoba nikatia karatasi na kalamu. Nilitaka tufike kwenye kijito kilichokuwa humo ndani, tukae, tumwandikie mama barua ya kweli, maana mdogo wangu Amani alikuwa ameanza kuulizia njia ya kuja.

Sasa bwana akatoka chumbani na suti. Suti, mwanangu, na viatu vyenye ncha, kwenda porini. Shingoni kamera ya kuazima.

Njia ilikuwa nyororo kwa majani makavu, baridi nzuri, nami nilitaka kutembea tu. Wapi. Hatua kumi, "Mapendo, simama hapo." Hatua kumi, "Nifute jasho, litaonekana." Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, na hakuna mti aliouacha. Anateleza, anapangusa goti, anasimama tena mkono mfukoni kama mwenye mali. Mzee mmoja mzungu na mkewe, wamevaa mabuti, fimbo mkononi, wakasimama kumwangalia; akawapa kamera watupige sote wawili. Nikatabasamu. Tabasamu hilo linanikera mpaka leo.

Kijitoni hatukufika. Viatu vilimshinda, akakaa kwenye kisiki anapuliza malengelenge, mimi nimesimama na mkate wangu.

"Deo, tumwambie mama ukweli. Amani akiona hizi picha atakuja."

"Barua itafuata," akasema. "Kwanza waone tuko bien, mambo safi."

Picha zilipotoka akachagua nne, akanipa kalamu kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Niandike nyuma: Sisi katika msitu wetu. Nikamwambia huo ni uongo. "Eish, si tulikuwa ndani yake?" Nilikuwa nimechoka kubishana, nikaandika. Wazee wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi ndiye niliyemshikia taa.

Miezi minne haikuisha. Siku moja nimempelekea Deo chakula kazini, anaelekeza gari lirudi nyuma, Amani huyo, begi begani, miguu imevimba kwa safari ya malori. Alimtazama shemeji yake na kile kizibao muda mrefu. Kisha akauliza taratibu, bila ubaya wowote, "Shemeji, msitu iko wapi?"

Hakuwa anatania. Nyumbani waliamini tuna kampuni ya mbao. Mama alikuwa ameuza shamba la marehemu baba, lile la mihogo, ili Amani aje kuwa msimamizi katika kampuni hiyo ya shemeji yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu hapo mama alilima kwenye mashamba ya wengine, kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri.

Unadhani tulipata akili? Mwezi haujapita, Amani naye amevaa kizibao, anakuja kuniomba suti ya Deo apige picha ya kumtumia mama. "Yaya," ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "atalia akijua." Na Deo, badala ya kuona haya, akaanza kuitafuta. Hapo ndipo nikapata ile hasira niliyopaswa kuipata msituni. Nikaichukua suti, nikaikalia. Nikaandika yote: vizibao, filimbi, vichwa ninavyosuka, msitu ambao hatukuwa na hata jani lake. Deo hakuniongelesha siku tatu. Vizuri, nikapumzika.

Jibu la mama lililetwa na msafiri, maneno machache. "Asante kwa kuniambia. Nilikuwa nimeshapata mteja wa nyumba, ili kitinda mimba wetu Riziki naye awafuate."

Nilikaa na karatasi ile mpaka chakula kikaungua.

Basi shika hili, mwanangu. Picha piga, sikukatazi. Lakini kabla hujaituma jiulize ni nani nyumbani atakayefunga mzigo akiiona. Mwenzako akitaka mkono wako uandike uongo wake, hata akiwa mume, hata ukiwa umechoka, weka kalamu chini. Uchovu wa kubishana huisha kesho. Unauza simu dukani, kazi yako ina jina, itaje. Na leo hii waambie kwenu gari lile si lako.

Mungu akubarikie mikono yako. Akupe mume anayejua viatu vya kutembelea, na wazazi wako wazeeke wakilima shamba lao wenyewe.