Mabati Yaliyorudi Kisumu

Siku ya kwanza kazini, Kisumu, miaka ya themanini ikianza, Msimamizi wa Utafiti alinifundisha kupima hali ya mtu. Paa la mabati lilikuwa na alama nyingi kuliko la nyasi. Redio, baiskeli na viatu navyo vilikuwa na alama zake. Ukijumlisha, unapata daraja la ustawi. Mimi, binti asiyeweza kukaa kitako, niliipenda kazi ile papo hapo.

Nilipelekwa Port Victoria, kisha Manyatta, kisha kijiji kimoja cha ufuoni. Huko nilimkuta mjane mwanika omena, dagaa wa ziwani, aliyeitwa Min Akoth, yaani mama yake Akoth. Paa lake la nyasi lilivuja hadi kitandani. Nilimuuliza swali la mwisho, lile tulilozoea kuliruka: wewe mwenyewe unayaonaje maisha yako?

"Mimi niko sawa kabisa," alisema. "Tangu mzee afariki, hakuna mtu naogopa. Andika hiyo."

Msimamizi aliposoma alicheka. "Nyumba inavuja na anasema ako sawa? Huyo hajui shida yake. Pelekea yeye mabati."

Nilimkumbusha mila za Waluo: mjane hatengenezewi paa mpaka akubali kurithiwa na ndugu wa marehemu. "Mzee, hiyo mabati itamletea shida," nilisema.

"Sisi tunapima watu, hatuozeshi."

Lori lilipofika, shemeji yake Min Akoth alikuwa ameshasimama uani, ameoga, shati limepigwa pasi. "Mabati ndio hii," alitangaza mbele ya majirani. "Sasa utanikataa na mvua imeanza?"

Min Akoth alilipapasa bati la juu taratibu, na nilijua analitaka. Kisha akasema, "Rudisheni."

"Mama, utanyeshewa," nikamwambia.

"Mvua inanyesha inaisha, nyathina, mtoto wangu. Huyu akiingia, ataisha lini?"

Tukayarudisha. Msimamizi aliandika kwamba wanakijiji hawathamini msaada.

Nimestaafu sasa, naishi Nyamasaria, na watoto wangu wananiambia nitulie. Nitatuliaje? Nyumba yangu ina kila kitu tulichokuwa tukikipa alama. Na mume wangu akikohoa tu pale getini, nainuka mbio kuangalia kama chakula chake ni moto na kama kiti chake hakijasogezwa.