Mlezi Anayelipwa Kuwachafua Watoto

Asubuhi bado changa, na Mama Tope ameshavuruga udongo kwenye beseni mpaka umelainika kama uji. Watoto wamemzunguka, mashati makuukuu yamevaliwa nyuma mbele, mikono imezama hadi viwikoni. Mmoja anajipaka puani. Mama Tope anainuka kumfuta, anakumbuka, anakaa tena.

"Mkono unakwenda wenyewe," anasema. "Miaka yote nimelipwa kuwafuta hawa. Sasa nalipwa kuwachafua. Hebu niambie, nishike lipi?"

Jina hilo la utani amepewa na watoto wa kituo hiki cha kulelea. Lilianza pale mwalimu mkuu mpya aliposema watoto wafinyange, wamimine, wapondeponde, kwani ndivyo vidole vinavyopata nguvu na akili inavyofunguka. Mama Tope alidhani anataniwa.

Kisha akaiharibu kazi hiyo kwa bidii yake mwenyewe. Kila alasiri aliwasugua watoto wakang'aa, akachokoa hata kucha. Wazazi, kwa kuwaona safi hivyo, wakalalamika kwamba watoto wanashinda wamekaa tu. Alipomwacha mmoja na tope sikioni, wakalalamika kwamba watoto hawaangaliwi.

"Jamani! Nilichanganyikiwa mpaka nikawa najibu salamu kwa pole."

Aliyemtia hofu zaidi ni fundi cherehani anayemlea binti yake peke yake. Mtoto ana miaka mitatu, lakini alikuwa hagusi kitu, hata kijiko. Wakati wa chakula alisimama mikono juu, akisubiri kulishwa. Baba humshonea magauni meupe, na alishaonya: "Mama, akipata doa, namtoa."

Wiki iliyopita, kabla hajabadilishwa nguo, binti huyo alichuchumaa ghafla na kutumbukiza mikono yote miwili. Baba naye, kama aliyeitwa, akaingia mapema.

"Nikajua leo kibarua kimeota nyasi," anasema Mama Tope. "Mtoto akafinyanga tonge, akamnyooshea baba yake. 'Baba, kula keki.' Fundi akalipokea, akaondoka nalo mkononi. Hakusema namtoa, hakusema simtoi. Tangu siku hiyo hawajaonekana. Nimefurahi au nimelia? Hata sijui."

Lango linalia, anageuka. Ni fundi mwenyewe, na binti yake amevaa gauni la viraka vya kila rangi.

"Hili ni la kuchafulia," anasema fundi, akitazama chini. "Jana usiku kashika kijiko mwenyewe, mama. Nusu kamwaga, lakini kala. Sasa sielewi. Ni hili tope, au ni nini?"

"Hata mimi sielewi vizuri, fundi. Muulize mwalimu."

Binti ameshafika kwenye beseni, tonge jingine mkononi. Fundi anabaki amesimama, mikono yake juu, asije akaguswa na tope.

Mama Tope anasema ndoto yake ni kila mtoto awe na gauni au shati kama hilo, aende nalo nyumbani likiwa na tope lake, na mzazi aulize mtoto alitengeneza nini.

"Na mimi nishonee moja, fundi," anasema. "Ila kwanza kunja mikono ya shati. Unaitwa kula keki."