Nilivyopeleka Posa Nikiwa Nimevaa Koti la Marco

Kuna aibu ambazo mtu huzimeza zikaisha, na kuna hii yangu, ambayo mpaka leo nikipita madukani pale High Road nikaona koti la ngozi la kahawia limening'inizwa dirishani, uso unanitoka jasho. Naisimulia mwenyewe kabla Elia hajawasimulia, maana yeye hutia chumvi, na mkasa huu kwa kweli haukuhitaji hata punje.

Chanzo ni Marco. Kwa asiyemjua, Marco ni yule muuza maua kwenye ile tamthilia ya maisha ya mtaani inayoonyeshwa kwenye televisheni hapa London tangu mama yangu hajaolewa, kijana mtanashati, koti la ngozi la kahawia, kola imesimama, anamkonyeza kila mwanamke aliyevuka miaka hamsini na kumwita "malkia wangu", nao wanayeyuka mmoja mmoja. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Tottenham, na kwa miaka miwili nilikaa sebuleni na mabibi wa pale tukimtazama Marco (ni sehemu ya kazi, msinitazame hivyo), kiasi kwamba Kiingereza changu chote cha mapenzi nimekipata kwake.

Basi nikampata Neema, nesi, mtu wa kwetu Tanzania ila amekulia hapa, na mambo yalipoiva ikabidi nipeleke barua ya posa kwa mama yake. Mama Neema amemlea binti yake peke yake, na Neema alinieleza bila kuzunguka: mama akikataa, yeye hasogei hata hatua moja. Nikamuuliza mama anapenda nini. Akacheka, akasema, "Mama? Mama anapenda Mungu, mimi, na Marco."

Hapo ndipo shetani aliponishika mkono.

Sasa kuna jambo dogo sikulitilia maanani. Wiki tatu kabla ya posa kazini walinihamishia chumba cha kufulia, kule chini ambako hakuna televisheni, na wikendi mbili wakanipeleka mji wa Leeds kwenye kozi ya kumnyanyua mgonjwa bila kujivunja mgongo. Kwa hiyo Marco niliyemjua mimi alikuwa Marco wa wiki tatu nyuma, na huko kwenye tamthilia mtu huweza kuoa, kufilisika na kuzikwa ndani ya wiki moja.

Nikanunua koti. Nikaenda kwa kinyozi na picha (nywele za Marco na zangu hazina undugu, lakini kinyozi alijitahidi). Nikanunua na maua meupe, yale yale anayouza kibandani kwake. Binamu yangu Elia, dereva wa basi, ndiye aliyekuwa mshenga wangu, na aliponiona kituoni alinizunguka mara mbili, kisha akasema, "Sikiliza, mdogo wangu. Posa ni ya mshenga. Wewe kazi yako ni kukaa, kula na kutabasamu. Mdomo ni wangu." Nikaitikia.

Mlango alifungua Mama Neema mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akaanza kuitikia, macho yakaanzia kwenye kola yakashuka mpaka kwenye maua, na ile marahaba ikaishia njiani. Mimi nikadhani furaha imemzidi. Nikamkonyeza. Ndiyo, ndugu zangu, nilimkonyeza mama mkwe mlangoni kwake, mchana kweupe.

Ndani tukamkuta mjomba wake Neema, ambaye ndiye angetujibu kwa niaba ya familia. Neema, kwa desturi, alikuwa jikoni. Simu yangu nilikuwa nimeizima mlio kwa heshima, ikawa inatetemeka mfukoni, inatetemeka tena, nami nikajisifu moyoni kwa adabu ya kutoitazama.

Elia akaanza kwa ufundi wake wote: "Mama, tumepita hapa kwenu, tumeona bustani, na ndani ya bustani tumeona ua zuri…"

"Nyie na maua yenu," akasema Mama Neema.

Elia hakuwahi kujibiwa hivyo kwenye posa yoyote, akaiweka barua mezani kabla ya wakati wake. Wakati huohuo Neema akachungulia kwenye mlango wa jikoni, akawa anajigusa mabega na kuvutavuta kama anayevua kitu. Nikafikiri ananiambia koti limekaa vibaya. Nikalivuta vizuri na kusimamisha kola. Neema akajifunika uso kwa taulo la vyombo.

Nikaona jahazi linazama na mimi ndiye mwenye kuliokoa. Nikainama mbele, nikatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, nikasema, "Malkia wangu, ningekuona wewe kwanza, leo ningeleta barua mbili."

Mjomba akaweka kikombe chini. Elia akafumba macho kabisa, kama mtu anayesali. Mama Neema akaniuliza kwa upole ulionifanya nijione nimeshinda, "Wikendi huwa unakuwa wapi, baba?"

"Wikendi hizi nilikuwa Leeds, mama. Kozi ya kazini."

Jikoni sufuria ikaanguka. Mama Neema akainuka, akaichukua barua yetu pale mezani na kumrudishia Elia kwa mikono miwili. "Chakula kipo, mle mshibe," akasema. "Barua rudini nayo."

Tukala haraka haraka ndizi tulizopakuliwa, tukaaga. Ni kituoni ndipo nilipofungua simu nikakuta jumbe za Neema zimepangana: "Vua koti." "Marco ana mke na watoto Leeds, imeonyeshwa jana. Kila wikendi alikuwa anamwambia mchumba wake yuko kozi ya kupanga maua. Mama amelia mpaka basi." "VUA KOTI PLEASE." "Usitaje Leeds." "Umemkonyeza mama yangu?" Na wa mwisho, mfupi: "Umetaja Leeds."

Wiki mbili Neema alipokea simu zangu kwa sauti ya mapokezi ya hospitali. Hapo sikucheka tena. Nilikuwa nampoteza mwanamke ninayempenda kwa sababu ya koti, na usingizi ulinipaa. Jumapili ya pili, baada ya kanisa, nikavaa sweta langu la kazini na kwenda peke yangu, bila mshenga (kosa jingine, najua), nikiwa na cheti cha kozi ndani ya faili la plastiki.

Mama Neema akavaa miwani, akakisoma, akakigeuza akatazama na nyuma. Kisha akakaa.

"Baba yake Neema naye alikuwa na kozi," akasema. "Kila Ijumaa, Arusha. Nilikuwa namfungia chakula cha njiani. Kumbe chakula kile kililiwa na watoto wake wa huko." Akavua miwani, akaipangusa. "Nikajiambia wakati ule nilikuwa mtoto. Sasa nimezeeka, nimedanganywa tena, na mtu wa kwenye televisheni. Halafu unaingia wewe."

Niliona aibu mpya, isiyochekesha, kuliko ya kukonyeza. Nikatafuta la kusema, kwa Marco sikupata, kwangu pia sikupata, nikabaki nimeinamisha kichwa tu.

Akairudisha miwani machoni, akaniangalia. "Hivyo," akasema. "Hivyo ndivyo ungekaa siku ile. Mwambie Elia alete barua. Na wewe uje na nguo zako."

Tumeoana mwaka wa pili huu. Koti alichukua Elia, analivaa, na hajakonyeza mtu. Mimi nimeapa sivai tena koti la mtu ambaye sijui jana alifanya nini. Na kila nikipelekwa kozi namtumia mama mkwe picha nikiwa darasani, ubao nyuma yangu, naye hujibu kila mara vilevile: "Nimeona, baba. Sasa nipigie na picha ya aliyekaa pembeni yako."