Kisima Namba Kumi na Saba

Mtaa mzima ulimwita Mama Chupa, na hakuchukia. Kila Jumatatu alipita mlango kwa mlango na kikapu cha chupa ndogo, akichota maji ya visima kwa ajili ya utafiti wa Daktari wa chuo kikuu. Kabla ya hapo alikuwa dobi, mikono imebabuka kwa sabuni. Kazi hii ilimpa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, akakivaa hata akienda sokoni.

Utafiti ulianza vizuri. Daktari aliwakusanya wakazi katika ukumbi wa shule, akawaambia wao si wa kupimwa tu, ni watafiti wenzake, na majibu yakitoka watakuwa wa kwanza kuyasikia. Watu wakapiga makofi. Ili kutunza siri, kila kisima kilipewa namba, na aliyezigawa namba hizo ni Mama Chupa.

Majibu ya kwanza yalitoka mabaya. Visima kumi na moja, jirani na karakana ya kuyeyushia betri kuukuu, vilikuwa na madini ya risasi, sumu inayodhoofisha ubongo wa watoto, na damu ya watoto waliyopima wauguzi wa Daktari ilikuwa nayo pia. Mama Chupa aliuliza watu wataambiwa lini. Daktari hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Alikaa akamweleza kwamba lazima wapime tena baada ya miezi sita. Watu wakiviacha visima sasa, ulinganisho utaharibika, jarida la sayansi litaukataa utafiti, na mwenye karakana atawacheka mahakamani.

"Tukiwa na ushahidi nusu, karakana itabaki pale miaka ishirini," alisema. "Nivumilie miezi sita tu."

Ni rahisi sana kuomba uvumilivu wa watoto wa wenzako. Mama Chupa alitia saini karatasi ya kutunza siri. Lakini namba kumi na saba ilikuwa nyumba ya mdogo wake, mwenye mtoto wa miaka miwili. Alikaza roho siku tatu, ya nne ikamshinda. Akamwambia mdogo wake achote kwingine, na akiulizwa aseme kisima kimeanza kunuka. Kwa nyumba nyingine kumi alifunga mdomo. Alijiambia kisima kimoja hakiwezi kuharibu utafiti.

Nyumba iliyofuata, mojawapo ya hizo kumi, ilikuwa ya mshonaji, rafiki yake tangu ujana. Kila Jumatatu mshonaji alimwekea kigoda, wakapiga soga chupa ikijaa. Mwezi wa nne wa kusubiri, binti wa mshonaji, mtoto aliyekuwa akiongea kutwa kucha, alianza kusahau maneno. Mshonaji akauliza kama wale wataalamu wanajua dawa. Mama Chupa akasema atawauliza. Hakuwauliza.

Miezi sita ilizaa mwaka, maana jarida nalo lina foleni yake. Mwishowe liliukubali utafiti kwa sifa tele, na serikali ikaifunga karakana. Wakazi waliitwa tena ukumbini, kila mama akapewa kadi yenye namba yake. Daktari alitundika ukutani mchoro wa risasi katika damu, kila mtoto wa visima vile kumi na moja na mstari wake. Mistari yote ilipanda. Mmoja tu ulishuka, wa kumi na saba, na Daktari akauliza ni nani mwenye nyumba hiyo, alifanya nini tofauti na wenzake.

Mdogo wake Mama Chupa, bila kujua anachofanya, akainua kadi.

Mshonaji alikuwa amempakata binti yake mstari wa mbele. Alimtazama mwenye kadi, kisha akamgeukia Mama Chupa.

"Kumbe kisima hakikunuka," alisema. "Ulijua, dada. Ukawa unakaa kwangu, unamwona mtoto anakunywa."

"Nilitia saini," Mama Chupa alijibu, na aibu ikamshika kabla hajamaliza kusema.

Mshonaji hakumpigia kelele. Alimsimamisha binti yake sakafuni, akamgeuza amwelekee Mama Chupa.

"Mwamkie mama mkubwa," alimwambia.

Mtoto alifungua mdomo. Alilitafuta neno, ukumbi mzima ukimsubiri, kisha akaufunga.