Bahili wa Dripu

Jina la Bahili tulimpa sisi wenyewe wa chumba cha upasuaji, na aliyelitamka kwanza ni mimi, maana mdomo wangu hauna breki. Hebu fikiria mtu ambaye kazi yake ni kumlaza mgonjwa kwa nusukaputi na kumlinda mpaka aamke, halafu maji ya dripu anayatoa kana kwamba ameyanunua kwa fedha yake mwenyewe. Wenzake wanafungulia, yeye anakaa anatazama matone. Mifuko ambayo bado hajaitundika anaificha ndani ya sweta, tumboni, ipate joto.

"Unajifungua lini?" nilizoea kumuuliza.

"Wewe si ndiye mkunga? Niambie wewe," hunijibu, uso mkavu.

Alikulia kwenye rangi. Baba yake alipaka nyumba za watu, na yeye ndiye aliyekuwa akimchanganyia. Mpaka leo, ukikaa naye kwenye chai, huanza kwa kukagua ukuta. Pale kwetu kuna kona inayopukutika, na kila akiiona husonya. "Hapa mtu alizidisha maji," husema. Tulimcheka sana kwa hilo.

Kisha akaja binti wa fundi cherehani. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, mrija wa uzazi ukapasuka, na damu ilikuwa ikimwagikia tumboni. Muuguzi wa mapokezi alimtundikia dripu, akaiacha idondoke taratibu, kisha akakimbilia mgonjwa mwingine huku sisi tukiandaa chumba. Tulipokwenda kumpokea mlangoni, midomo ya binti ilikuwa imepauka na ngozi yake ya baridi. Pale sindano ilipoingia mkononi, damu ilikuwa ikichuruzika bila kukoma. Bahili akatazama mifuko mitupu iliyolala kitandani.

"Nani ameifungulia hii?"

"Mimi, baba," alisema mama yake, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. "Niliona inajivuta na mwanangu anakwisha. Nikakizungusha kile kigurudumu cha kuifungulia mpaka mwisho. Mfuko ulipoisha nikaomba mwingine, nao nikaufungulia. Nilitaka apate nguvu."

Mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kumpa maneno yake. Bahili akanitangulia.

"Sawa, mama. Kaa hapo kwenye benchi, usiende mbali. Huenda nikakuhitaji."

Daktari alifungua tumbo, akaupata mrija uliopasuka, akaubana. Tukashusha pumzi, lakini mapema mno. Damu iliendelea kuvuja kila mahali kisu kilipopita, nyepesi, imepauka kama sharubati. Kila shashi niliyoifungua ililowa hapo hapo.

"Presha inashuka," daktari alisema. "Tuongeze maji?" Aliuliza kwa kutaka kujua hasa, maana wale wawili wameshaaminiana.

"Hapana, ndugu yangu. Maji yamemtosha. Kile kinachoigandisha damu yake kimezimuliwa, kama rangi iliyotiwa maji mpaka haishiki ukuta. Tena yale yaliyoingia yalikuwa ya baridi, na damu ikipoa inachelewa kuganda. Nileteeni damu iliyotolewa leo, ambayo bado inaganda vizuri, na wewe gandamiza hapo hapo."

"Nimegandamiza."

Akavuta damu kidogo ya binti, akaitia kwenye kichupa cha kioo, akakifunga na kukifumbata kiganjani kipate joto, aone kama itaganda, macho kwenye mashine. Baadaye akakiinamisha. Damu ikatiririka huku na huku kama chai. Niliogopa, nasema kweli. Mkono uliniwasha, nami pia nikatamani kukifungua kile kigurudumu, kwa sababu ukimwona mtu anaishiwa, unataka kumjaza.

Maabara walikuwa na damu iliyochangwa asubuhi ile. Bahili aliiloweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akamfunika binti blanketi kifuani na miguuni, akaanza kumpa. Daktari hakuuondoa mkono wake. Mfuko wa pili ulipokaribia kwisha, Bahili akajaza kichupa kingine. Nikanyoosha mkono kukipokea.

"Mpelekee mama yake akishike."

"Huyo huyo aliyefungulia dripu?"

"Huyo huyo. Mikono yangu haina nafasi, na yako ni ya barafu. Usirudi bila jibu."

Mama alisimama mara aliponiona. "Amekufa?"

"Hajafa. Hii ni damu yake, mama. Ifumbate. Usiitikise, usiichungulie."

Akaifumbata kwa vidole vilivyojaa alama za sindano, akaegemeza ngumi kifuani. "Ndio mkono uliofungua," aliniambia.

"Yeye pia anajua. Amesema nikupe wewe."

Akalia bila kutikisa ule mkono hata kidogo. Sijawahi kuona mtu akilia hivyo.

Ulipofika wakati, hakuweza kufumbua. Nilimfungua kidole kimoja kimoja, nikakiinamisha kichupa. Damu haikusogea. Nikakipindua chini juu. Imeshika, nzito, imekaa pale pale kama mafuta ya kupikia asubuhi ya baridi. Damu nimeipangusa sakafuni miaka yote ya kazi yangu, nimeifua kwenye mashuka, na siku ile nilisimama mbele yake nikasisimka mwili mzima. Ilikuwa imejikusanya yenyewe, gizani, ndani ya ngumi ya mama.

"Maana yake nini?" aliuliza.

"Inashika, mama. Inashika!"

Nikarudi ndani mbio. Bahili alikiinua kichupa kwenye mwanga wa taa, akakitazama, machozi yamemlenga. Daktari alinyanyua shashi polepole. Ilikuwa na doa tu.

Jioni nilipita wodini. Binti alikuwa amelala, anapumua vizuri, na juu yake dripu inadondosha tone, kisha tone. Mama yake alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, macho kwenye kile kigurudumu. Alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.