Kilio cha Waziri

Baba na jirani yetu waligombana kwa sababu ya Waziri. Si waziri wa serikali. Ni yule wa tamthilia ya Kikorea, mwenye ndevu za kuhesabika na kofia nyeusi pana, aliyetutembelea kwenye televisheni kila jioni mtaani kwetu Kasingirima. Tamthilia ilikuwa imetiwa sauti za Kiswahili, kwa hiyo watu wa kasri walitukanana kwa lafudhi safi ya Dar es Salaam, nasi tukawaelewa kama ndugu zetu.

Baba aliletwa Kigoma kikazi kutoka Tanga, akastaafia hapahapa. Jirani ni fundi wa injini za boti, na wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Yeye alidai Waziri ni msaliti, amejiuza kwa Mama Malkia. Baba alishikilia kwamba Waziri anajifanya tu, ili amlinde mwana wa mfalme. Mimi nilikuwa upande wa jirani, lakini nilikula kwa baba, nikanyamaza. Ubishi ulipanda mpaka baba akasema, "Utamjuaje mwaminifu, wakati uaminifu wenyewe huna?"

Jirani akavaa kandambili zake, akatoka. Jioni zilizofuata hakuja.

Mwezi mzima ukakatika. Baba, ambaye ana presha, akaanza kubakiza chakula. Kiti alichozoea jirani kutazamia tamthilia hakutaka mtu akikalie. Nilipojaribu, aliniuliza kama mkeka umeniuma. Mama alimsihi aende akaombe radhi. "Aje yeye," alijibu, macho yakiwa dirishani. Nilitamani niwashike wazee hao wawili niwagonganishe vichwa.

Ijumaa moja umeme ulikatika, hivyo kifo cha Waziri tulikiona Jumamosi alasiri, kwenye marudio. Shangazi alikuwepo. Waziri aliletwa uani amevaa nguo nyeupe, akawekewa bakuli la sumu kutoka kwa mfalme. Aligeukia kasri, akasujudu taratibu hadi paji la uso likagusa mchanga, kisha akanywa. Kumbe alikuwa mwaminifu muda wote.

Mama akapiga ukunga. Sauti ya mama hutegemewa misibani, na siku hiyo hakuibania. Shangazi akaitikia. Mimi, niliyemwita Waziri msaliti tangu mwanzo, nililia kuliko wote, na nakiri nilikuwa na raha isiyo kifani. Baba naye alijifuta machozi na leso, akatuambia tupunguze kelele.

Lakini mtaa ulikuwa umeshasikia. Na kilio kikitoka nyumba ya mtu mwenye presha, watu hawaulizi maswali. Kufumba na kufumbua uani kwetu kulikuwa na wanawake waliojifunga kanga kiunoni, mmoja na kuni kichwani, mwingine na sufuria kubwa la msiba. Mbele yao wote alikuja jirani, miguu mitupu, spana ingali mkononi, mafuta ya injini mpaka viwikoni. Alisimama mlangoni, akashindwa kusogeza pazia.

"Shemeji," alimwambia mama kupitia pazia, kwa Kiswahili chake cha Kongo, akilia waziwazi, "ni mimi nilimukosea. Ameenda na hasira yangu."

"Nani ameenda?" baba akauliza kutoka ndani.

Nilisogeza pazia mwenyewe. Jirani alimtazama baba, akanitazama mimi, akatazama televisheni.

"Sasa hawa wanalia nini?"

"Waziri kanywa sumu," nikamwambia.

Akaketi pale pale kizingitini, spana mapajani. Wanawake uani wakaanza kucheka, wakashikana mabega, na mwenye kuni akasema hazirudishi, tupike. Mimi nilicheka hadi nikashika ukuta. Wazee wawili hawakucheka.

"Njoo kwenye kiti chako," baba alisema hatimaye.

Jirani akaja, akaketi na mafuta yake yote. Akavuta pumzi. "Alisujudu kwanza, au alikunywa tu?"

Tulijua anauliza nini: kama Waziri alisujudu, baba ameshinda, na ameshinda mbele ya mashahidi. Mwezi mzima aliusubiri ushindi huo. Shangazi alikuwa ameshafungua mdomo.

"Sikuona vizuri," baba alisema. "Nilikuwa nalia."

Kisha akamwomba mama amletee jirani maji ya kunawa.