Kijani cha Kitenge cha Anjelina

Jumapili ya Matawi, mwaka juzi, nilifiwa na mke wangu Anjelina. Mwaka uliofuata nilimpoteza tena, mchana, ndani ya ukumbi uliojaa watu. Nataka kukueleza huko kupotea kwa pili. Sinywi pombe, sijawahi kuugua kichwa, na shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo hata kutunga siwezi. Nitasema ilivyokuwa. Ukikataa, sitakulaumu.

Anjelina alipokuwa msichana mdogo, watu wa sinema walikuja bondeni kwetu kupiga filamu. Daraja la mto Kilombero halikuwepo, watu walivuka kwa kivuko. Katika filamu hiyo kuna mahali kivuko kinaondoka kimejaa, na mbele kabisa amesimama msichana aliyejifunga kitenge cha mama yake. Anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Ndiye yeye. Anaonekana kwa muda wa kusali Salamu Maria moja, basi.

Filamu ile ilipendwa sana. Gari la sinema ya bure lilikuja nayo kutoka Kidatu mpaka Chita, na hapa Ifakara tuliitazama ukutani, kwenye ukuta uliopakwa chokaa, taa ya mashine ikiwa ya njano kama kibatari. Miaka ilivyokwenda, mkanda ukaiva. Ndivyo tulivyosema sisi, umeiva. Mpunga ukawa wa kahawia, mto ukawa chai, watu wakawa wekundu kama wanaochochea tanuru la matofali. Kitenge cha Anjelina kikawa rangi ya maini. Yeye hakuzoea. Tulipokuwa wachumba aliniambia, na tulipopata wajukuu alikuwa bado ananiambia: "Ile siyo nguo yangu. Yangu ilikuwa ya kijani."

Na ilikuwa ya kijani kweli, maana kitenge chenyewe alikuwa nacho. Mama yake alimwachia. Ndicho alichombebea mwanetu Toni, akawabebea na wadogo zake, na wakati wa ugonjwa wake alijifunika hicho.

Wiki chache baada ya mazishi maji yaliingia mtaani kwetu, Viwanja Sitini, yakaingia na kwangu. Picha zake zote ziligeuka uji. Kitenge kilipona kwa sababu nilikuwa nimekitundika juu kwenye boriti. Mpunga nao ulikwenda na maji. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa siku ya kuondoa tanga, na tanga haliondolewi bila wali wa kulisha watu. Tukasogeza siku mpaka mavuno ya mwaka uliofuata. Elewa hapo: kitenge kilikuwa bado ni chake. Hakijapewa mtu.

Ndipo alipokuja binti mmoja kutoka Dar es Salaam, anaitwa Rehema, kazi yake kutengeneza filamu za zamani. Alitafuta watu waliokuwepo siku ile ya kivuko. Wengi walikwisha kufa. Akaelekezwa kwangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

Alikuwa binti mwenye adabu, nisimsemee vibaya. Alinieleza taratibu. Mkanda una rangi tatu, zimelala kama shuka juu ya shuka, na hazifi pamoja. Ile ya bluu inatangulia, kijani kinaondoka nayo, nyekundu inabaki peke yake. Nikamwuliza zinakwenda wapi.

Akacheka. "Haziendi popote, mzee. Zinakufa tu."

Wewe unaamini hivyo? Kwamba kitu kinaweza kuondoka kisiende popote?

Akasema kompyuta inaweza kuzirudisha, ila kompyuta haijui kijani kipi. Kijani kiko kingi. Akipata kitu kimoja kilichokuwepo siku ile, atapima hicho, na vingine vyote vitafuata. Mpunga, mto, mbingu. Asipopata, atabahatisha.

Nikaingia ndani nikatoa kitenge. Usiniulize kama nilisita. Maisha yake yote mke wangu alitaka kuonekana na nguo yake. Nilifikiri nimempata mtu wa kumfanyia hilo.

Teodora, mdogo wake Anjelina, alikuwa uani anapepeta mchele. Akaacha ungo. "Shemeji, nguo haijagawiwa na wewe unaitoa kwa mgeni?"

"Anaitazama tu, shemeji. Haondoki nayo."

"Kutazama siyo kuchukua?"

Tulimwona ni mwanamke mwenye maneno. Rehema alikitandika kitenge mkekani. Kilikuwa kimepauka kwa jua na sabuni, lakini alijua pa kutazama. Alifumua upindo kidogo kwa wembe, akaukunjua. Ndani ya upindo jua halikuwahi kufika. Kijani chake kilikuwa kama mpunga uliopandikizwa juzi. Akaweka pembeni kadi yenye vipande vya rangi, akapiga picha nyingi, akashukuru. Nikaushona upindo mwenyewe, nikakifungia kitenge sandukuni.

Mwezi wa tano alirudi na filamu. Tulikusanyika ukumbi wa parokia baada ya chakula cha mchana, madirisha yamezibwa kwa maturubai mpaka ndani pakawa usiku. Alikuja pia na mkanda wa zamani na mashine yake, ili tuone kipande cha kivuko kilivyokuwa, kisha tuone kilivyo sasa. Nilikaa mwisho wa benchi. Pembeni yangu, upande wa ukutani, nikaacha nafasi ya mtu mmoja. Mazoea.

Mashine ikaanza kukereza. Wekundu ukatoka ukutani ukatujaa sote. Mbele yangu alikaa jirani yangu Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe, na upara wake ulikuwa mwekundu kama kaa la moto. Kilemba cheupe cha Teodora kilikuwa chekundu. Mikono yangu pia.

Nikasikia harufu ya majani mabichi ya mpunga. Nikageuka.

Mtu alikuwa amekaa kwenye ile nafasi. Niamini, alikuwa kwenye mwanga uleule, lakini wekundu haukumshika. Alikuwa na rangi yake, ule weusi wa maji ya kunde niliokuwa nimeanza kuusahau. Amejifunga kitenge, nacho ni kibichi kabisa, kama ndani ya upindo. Nikajua hapohapo zilikokuwa zinakwenda zile rangi. Kila kilichotoka kwenye mkanda miaka yote hiyo, mwenyewe alikuwa anawekewa huko wanakokwenda wafu.

Hakunitazama. Alitazama kivuko. Akasema kwa sauti yake ileile ya kuninong'oneza sinemani:

"Baba Toni, umewapa nguo yangu?"

Nikasema, "Nimewapa wakurudishie rangi yako. Si ulitaka?"

Akakusanya pindo la kitenge mapajani.

"Sasa mimi nitavaa nini?"

Nilitaka kusimama nimwambie Rehema asiendelee. Sikuwahi. Mkanda ukafika mwisho, mashine ikazimwa, gizani nikamsikia anapumua. Kisha filamu mpya ikawaka.

Ukumbi wote ukaguta. Mto ulikuwa bluu. Mpunga ulikuwa kijani mpaka milimani.

"Jamani nyasi hizo!" Masanja akasema. "Ng'ombe wangu walikuwa wapi?"

"Ndiyo maana zilikuwepo," mtu akamjibu nyuma. "Ng'ombe wako walikuwa hawajafika." Watu wakacheka sana.

Mimi nilikuwa namtazama yeye. Kila rangi iliyopanda pale mbele ilishuka kwake. Mbingu ilipokuja, midomo yake ikawa majivu. Mpunga ulipokuja, kitenge kikaanza kupauka kutoka chini kwenda juu, kama nguo inavyonyonya maji. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi na mwepesi.

"Zima!" nikapiga kelele. "Rehema, zima!"

"Shemeji, nyamaza tumwone dada!" Teodora akasema. Alikuwa amesimama, analia kwa furaha. "Ndiye yule! Mwoneni, ndiye yule dada yangu!"

Kweli, pale mbele msichana alikuwa anacheka, ameziba mdomo, kijani kimemkaa kama alivyosema maisha yake yote. Watu wakapiga makofi. Kwa muda wa Salamu Maria moja nikamtazama, nitakuwa mwongo nikisema sikumtazama. Nilipogeuka, mkono wangu ulikuwa umeshika ubao wa benchi.

Watu walipotoka nilimwendea Rehema. Nilimwomba afute. Sikujua kusema vingine. Alinionea huruma, akanishika bega, akafikiri ni uchungu wa msiba.

"Mzee, hata nikifuta hii, zipo nyingine. Usiogope, hii haitaiva tena. Miaka na miaka, atabaki hivyohivyo."

"Na ule mkanda wa zamani?"

"Tunaupeleka kwenye chumba cha baridi. Huko hautaendelea kufa."

Alifikiri ananifariji. Umeelewa alichoniambia? Hakuna tena tone la rangi litakalotoka kwenda kwake.

Zamani Anjelina alikuwa akija ndotoni, ananiamkia, ananiuliza habari za shamba. Sasa anakuja amesimama mbali, hana rangi kama moshi, amejikumbatia mikono kifuani kama mtu aliyetoka kuoga akakuta nguo zimeibiwa. Nimemwambia padri, akamsomea misa. Nimemwambia Toni, akanipeleka hospitali, wakanipima macho. Macho ni mazima.

Kwa hiyo nawe, kama una picha ya mtu wako nayo inafifia ukutani, usiikimbize kwa mafundi. Usidhani inapotea. Na kama nguo yake haijagawiwa, usiitandike mbele ya mgeni, hata akiwa na adabu kiasi gani. Mimi nilikuwa na nia njema tu, na nia njema haikunisaidia kitu.

Mwezi wa saba tukavuna, tukaondoa tanga. Asubuhi ya kugawa nguo nilifungua sanduku ili kitenge kiende kwa binti wa Toni. Kilikuwa cheupe. Hakikuwa na ua wala mstari. Nikafumua upindo, na ndani ya upindo palikuwa peupe.

Sikujua la kufanya, nikakitoa nje nikakianika kwenye kamba. Masanja alikuwa anapita na baiskeli. Akaona ile nguo nyeupe kama sanda, akashuka, akavua kofia.

"Pole, Baba Toni," akasema. "Ni nani tena?"